Faili Moja au Mafaili Mengi?

Mwaka 2011, nikiwa likizoni nyumbani Bomani, Tarime, kompyuta yangu ilitumia Arch Linux. Jina la mashine, lugha, saa za eneo na orodha ya huduma vyote viliandikwa katika faili moja, /etc/rc.conf. Nililipenda: ukilifungua, unaona kila kitu. Siku moja nilisahau kufunga mabano ya ile orodha. Nilipoiwasha tena, mtandao haukupatikana. Kazi niliyoahidi kutuma jioni ile ikalala.

Mwaka 2012 Arch iligawa mambo: jina likaenda /etc/hostname, lugha /etc/locale.conf. Nilinung'unika, maana nilitafuta huku na huku. Lakini kosa katika lugha halikugusa tena huduma.

Ndugu msomaji, kugawa hulinda, ila hudai kumbukumbu. Sasa kila faili ninalobadili naliandika daftarini.