Tulifuata Taka Zetu hadi Mwakirunge

Mfuko wa taka ukishatoka mlangoni, aghalabu hatuuwazi tena. Juzi tulidhamiria kuufuata. Tuliondoka Mji wa Kale asubuhi, tukavuka Daraja la Nyali, tukaipita Kisauni, hata tukafika Mwakirunge, liliko jaa kuu la Mombasa. Zamani taka hizi zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa hori ya Makupa, na kila aliyeingia kisiwani kutoka bara alipokewa na uvundo wake. Kibarani pakafungwa, pakapandwa miti, nasi tukafurahi. Taka zenyewe hazikupungua. Zilihamishiwa kwa majirani wengine.

Tulitarajia kuona plastiki, na kweli tuliiona, ingawa mifuko yake ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Lakini kilichotusimamisha ni vitu tulivyovitambua kuwa ni vya jikoni mwetu: maganda ya ndizi na ya muhogo, machicha ya nazi, vichwa vya samaki, wali uliochacha. Kina mama wanaookota chupa na vyuma vya kuuza walikuwa wakivifukua kutoka ndani ya uozo huo, mitandio wameikaza puani kwa ajili ya moshi.

Moshi tuliuona; kilicho kizito zaidi hakionekani. Ganda likioza penye hewa hurudi kuwa udongo. Likifukiwa chini ya marundo pasipo hewa, vijidudu vinavyoliozesha hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huipasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule. Na joto hilo haliishii angani. Mwaka 1998, bahari ilipozidi kupata joto, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Humo ndimo tafi na changu wanamojificha na kula.

Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tuzitenganishe. Haina faida kubwa, twakiri, iwapo mkokoteni utakuja kuzichanganya tena. Kwa hiyo maganda ni bora yasitoke nyumbani kabisa. (Mbuzi wa mitaani hutusaidia kidogo, ila nao hula hata karatasi.) Nyumba zetu hazina shamba, lakini zina dari na nyua. Ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu yatosha: tabaka la maganda na machicha, tabaka la majani makavu, ifunikwe, igeuzwe kila baada ya siku chache. Nyama na samaki visitiwe, vitaleta panya.

Ramadhani ndiyo kipimo chetu, kwani ndipo tupikapo kaimati na sambusa zaidi ya walaji, na israfu ile huenda Mwakirunge kabla ya daku. Tukipika kwa idadi ya watu, ndoo itapokea maganda tu, na baada ya miezi michache tutakuwa na udongo mweusi wa kupandia mrehani na asumini.