Sikukuu yetu Panyimur

Siku ya pili ya Krismasi tuliondoka Koboko alfajiri, familia 4 ndani ya gari moja la kukodi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea Uganda, ila nauli ndiyo shida. Tulichanga tangu Septemba. Tukapita Arua, uliofanywa jiji mwaka 2020, kisha Nebbi na Pakwach, hadi Panyimur kando ya Ziwa Albert.

Pale hatukufanya kitu. Kabisa! Hakuna foleni, hakuna kuitwa majina. Tulitandika mikeka chini ya mwembe, tukala ngege wa kuchoma na muhogo. Watoto walicheza mchangani tu, majini tuliwakataza sababu ya kichocho. Kina mama wakanunua muziri, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa.

Mvuvi mmoja akatuonyesha kusini: ukifuata ufuo huu huu unaingia Kongo, unafika Mahagi-Port. Mama mmoja akageuza mkeka wake, akakaa akitazama huko. Watoto waliozaliwa kambini wakauliza, "Kumbe ni karibu hivyo?" Hatukuwajibu upesi.

Saa tisa dereva akapiga honi. Tukamwomba nusu saa nyingine.