Mayai Chini ya Mkia

Soko la samaki la Matrah, Maskati, ninalolikumbuka mimi si hili jipya la 2017. Lile la zamani sakafu yake haikukauka, na bibi akiingia alikunja buibui mkononi huku akinionya, "Tazama unapokanyaga, mjukuu wangu." Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Maskati ilishajaa jamaa waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na wauzaji walizoea kuombwa kuteremsha bei kwa Kiswahili.

Msimu wa kambakochi ukifika (siku hizi ni Machi na Aprili tu), pikapu zilileta masanduku ya barafu kutoka pwani za Masira na Dhofari. Kambakochi wenyeji humwita sharkha. Wanunuzi wengine walitazama ukubwa. Bibi alimgeuza chali akamkunjua mkia.

Sheria ya Oman inakataza kuvua jike lenye mayai, lakini siku moja tulimkuta mmoja chini kabisa ya sanduku. Mayai yalikuwa yameshaacha rangi ya chungwa, yamekuwa ya kahawia, na kila moja lina vitone viwili vyeusi. Macho hayo. Bibi alivuta moja kwa ukucha, likagoma.

Sababu niliisoma ukubwani. Utando wa nje wa yai huvutika ukawa kikonyo kinachojizungusha kwenye unywele wa kijipezi kilicho chini ya mkia wa mama. Ndani ya utando huo mna tando nyingine, nyembamba kiasi cha kupitisha oksijeni, na mtoto hukua humo huku akila kiini chake. Mama hupunga vijipezi ili maji yapite, na kwa vikoleo vya miguu yake ya nyuma huyachokoa mayai na kuyasafisha. Baada ya wiki kadhaa tando hupasuka, akatoka kiumbe bapa, kinachopitisha mwanga hadi upande wa pili, kikachukuliwa na mkondo kwa miezi.

Bibi hakuyajua hayo, ila vidole vyake vilijua. Muuzaji alitutolea jike jingine, mkia safi, akaapa halikuwa na yai hata moja. Bibi akapitisha kidole kwenye vijipezi: nywele zilikuwa na nyuzinyuzi, vikonyo vilivyobaki baada ya mayai kukwanguliwa.

"Huyu kakwanguliwa," akaniambia, kisha akalirudia neno hilo kwa muuzaji kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika meza tatu. Muuzaji akashusha bei. Akashusha tena. Tukanunua nguru.