Loiyangalani: Ngoma, Wageni na Usubi

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, nchini Kenya, upo mji mdogo uitwao Loiyangalani. Kwa Kisamburu jina hilo lina maana ya mahali penye miti mingi, na msafiri aliyevuka nyika ya mawe meusi hahitaji kuelezwa sababu: hapo hububujika chemchemi, na mikoche imesimama kandokando yake.

Tangu mwaka 2008 mji huu umejipatia sifa kwa tamasha lake la utamaduni. Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wagabra na wenzao huja na ngoma, mapambo na ufundi wao wa kujenga vibanda. Makabila ambayo mara kwa mara yamegombea malisho na maji hukutana kwa amani, na watalii huacha fedha mikononi mwa wenyeji. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Wataalamu wa utalii katika vyuo vikuu huchunguza jinsi ya kulitangaza tamasha la namna hii. Humwuliza mgeni alipata wapi habari zake, analala wapi, anatumia kiasi gani, na kama atarudi tena. Lakini wenzao wanaochunguza wadudu wana swali jingine: je, usiku ni nani aumwaye, na ni mdudu gani?

Mdudu mwenyewe ni usubi, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3 tu. Mchana hujificha katika nyufa na vichuguu. Giza likiingia, jike hutoka kutafuta damu. Ndiye aenezaye kala-azar, ugonjwa wa homa ya muda mrefu, kukonda, kuvimba bandama na kupungukiwa damu. Asiyetibiwa, aghalabu hufa. Katika Kaunti ya Marsabit, uliko mji huu, mlipuko wa ugonjwa huo uliripotiwa mwaka 2017.

Kumnasa usubi kuna njia zake. Mtego wa taa huwa na balbu ndogo, feni na mfuko wa wavu. Hutegwa magharibi na kuteguliwa alfajiri. Njia nyingine ni karatasi iliyopakwa mafuta ya nyonyo na kuwekwa kwenye mdomo wa kichuguu. Taa huwaita wapendao mwanga. Karatasi humnasa yeyote apitaye. Kwa hiyo mtafiti atumiaye njia moja tu huona upande mmja wa habari. Tena usubi hawezi kuruka vyema penye upepo mkali, na Loiyangalani upepo wake ni maarufu; hivyo usiku mmoja wa dhoruba usimdanganye mtu kwamba usubi hayupo.

Mtalii hulala ndani ya hema lenye wavu, kisha huenda zake. Mchezaji ngoma aliyetoka mbali hulala chini, pengine karibu na kichuguu, naye ndiye atakayesafiri mwendo mrefu kutafuta sindano, ambazo kwa matibabu yanayotumika Afrika Mashariki huchomwa kwa siku 17.

Basi tafiti hizi mbili hazina budi kukaa meza moja. Mitego na itegwe kabla ya kuchagua uwanja wa kulala. Vyandarua vyenye dawa wapewe wenyeji pamoja na wageni. Na tangazo la tamasha liseme wazi dalili za homa hiyo. Ukarimu wa kweli huanza kwa kumlinda mwenye nyumba.