Bibi alipovunjika mkono kwa kuteleza tu

Mvua ilinyesha usiku kucha mjini Songea. Asubuhi bibi mwenye miaka 67 aliteleza uani akielekea jikoni, akajikinga kwa mkono. Hakuanguka kutoka juu ya mwembe, alianguka akiwa amesimama tu. Lakini mkono ulivunjika kwenye kifundo.

Waliokuja kumpa pole walisema, “Ndiyo uzee.” Hospitali, daktari aliuliza jambo ambalo binti yake hakulitarajia: “Mama, hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi?”

“Arobaini na tatu.”

Mfupa si jiwe. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga upya. Homoni ya estrojeni huzuia ubomoaji usizidi ujenzi. Hedhi inapokoma, homoni hiyo hushuka, na katika miaka michache inayofuata mfupa hupungua kwa kasi, bila maumivu yoyote. Ikikoma kabla ya miaka 45, hasara huanza mapema zaidi. Kalsiamu ni tofali la mfupa, lakini tofali peke yake haliwezi kujaza nafasi ya homoni iliyoondoka. Ndiyo maana akiba huwekwa ujanani, kwani mfupa huimarika hadi karibu miaka 30.

Jioni ile binti wa bibi, mwenye miaka 46, alipika dagaa wa Ziwa Nyasa. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa akiwachambua, anatupa vichwa na miiba.

“Acha, mwanangu. Kalsiamu iko kwenye hiyo miiba.”

Kuanzia kesho yake, uji wa ulezi haukuwa tena wa mdogo wao peke yake. Nao ulezi una kalsiamu nyingi. Mchicha unabaki mezani kwa faida zake nyingine, ila kalsiamu yake haifyonzwi vizuri mwilini. Jua husaidia mwili kutengeneza vitamini D, na kutembea huimarisha mfupa.

Bibi, mkono ukiwa kwenye hogo, alisikiliza yote akanyamaza. Kisha akasema, “Mimi nilijua hedhi ikikoma, mwanamke amepumzika. Hakuna aliyeniambia niende hospitali.”

Binti yake alitazama kalenda ukutani. Hedhi yake imeruka miezi miwili.

“Mama, ukirudi kufunguliwa hogo tutaingia wote kwa daktari. Nami nina la kumuuliza.”