Nzuri, Ila

Mama hapigi simu kabla ya saa mbili usiku. Anajua foleni za Dar, na anajua saa hiyo huwa nimeshavua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Habari za huko?"

Nzuri, namwambia. Kisha nauliza za Muheza, na jibu lake halijabadilika tangu nilipoondoka kwenda Mlimani mwaka 2009: "Nzuri tu, ila..."

Baada ya hiyo "ila" ndipo anafunguka. Kuku mwekundu kaatamia mayai kumi na moja ndani ya kikapu cha nguo. Madalali wa machungwa wamekuja na bei ya kututukana. Binti wa jirani kachumbiwa. Paka wa shangazi kaiba dagaa, na shangazi anasingizia watoto.

Mimi ni mwanahabari. Nimefundishwa kuweka jambo zito juu: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Mengine yafuate, ili mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini. Habari za mama zimesimama kichwa chini, miguu juu. Ukikata mkia umekata habari yenyewe.

Hilo nililijua mwaka juzi. Nilikuwa nakimbizana na stori, nikamkatisha: "Mama, nitakupigia." Akasema, "Haya. Ila baba yako hajambo sasa."

Sasa? Nikasimama pale pale barabarani. Kumbe mzee alikuwa amelazwa siku nne kwa presha.

"Ningekwambia ungeacha kazi ukapanda basi," akasema.

Nilikasirika. Nikamwambia hiyo ndiyo habari ya kuanza nayo, siyo kuku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kuku nao ni wa kwetu."

Mwaka huu, mwezi wa sita, chumba chetu cha habari kilipunguza watu, nami nikiwemo. Sikumwambia. Kila saa mbili usiku aliniuliza habari za kazi, nami nikajibu nzuri. Nimelipwa miaka mingi kuwauliza wakubwa maswali wasiyoyapenda, na sasa nilikuwa nakwepa swali ambalo kila mtu huulizwa asubuhi akitoka nje ya mlango.

Lakini muda nilikuwa nao. Nikawa namsikiliza. Nilijua vifaranga wametoka tisa, mwewe kachukua wawili. Nilijua mzee ameanza tena kwenda shambani asubuhi, anajifanya anakagua mipaka. Kikapu kile cha nguo nilikiona kabisa, na ule ukili uliofumuka upande mmoja, ambao niliufumua mimi nikiwa mdogo. Simu ikikatika nilikuwa nakaa kitambo kabla sijakumbuka kwamba niko kwenye chumba cha kupanga, na kodi inakaribia.

Wiki iliyopita niliamua kusema. Sikuanza na zito. Nilianza na umeme unavyokatika, bei ya mkaa, mwenye nyumba aliyepaka geti rangi ya bluu mpaka majirani wanadhani ni zahanati. Mama akacheka. Nikamweleza muuza samaki wa Jumapili anayeniita mjomba ili nisiombe kupunguziwa. Akacheka tena.

"Halafu mama, kazini walitupunguza. Mwezi wa sita. Ila sasa napata vibarua vya kuandika. Nakula vizuri."

Kimya. Kwa mbali nikaisikia redio ya mzee.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Nani aniambie? Siku hizi hunikatishi."

Sikuwa na la kujibu. Yeye akavuta pumzi, kama mtu anayejitwisha tena ndoo aliyokuwa ameitua.

"Haya, sikiliza. Yule kuku mwekundu, si karudi tena kwenye kikapu?"