Fuata Maji, Mpwa Wangu

Mbeya

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na ile karatasi ya safari, na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimetandaza ramani mezani. Nimefurahi sana. Katika ukoo wetu watu husafiri kwenda kuzika, kuoa au kutafuta kazi. Wewe ni wa kwanza kuniambia unasafiri ili ukaone tu. Mama yako amenipigia simu akiwa na hofu, nami nimemwomba asikuzuie mpaka nikuandikie.

Sasa nikuambie lililonikwama kooni. Umeandika siku kumi na mbili, mwezi wa kumi: Mlima wa Meza kule Cape Town, matuta ya mchanga ya Sossusvlei, Okavango, Chobe, Maporomoko ya Victoria, halafu Kariba. Mwanangu, kutoka Cape Town hadi Livingstone peke yake ni zaidi ya kilometa 2,000 za barabara. Kwa mpango huo utarudi ukiwa umezijua stendi na viwanja vya ndege, basi. Chagua mto mmoja ukae nao. Mimi nakuombea uchague Zambezi, na mwezi wa kumi uufute.

Nina sababu. Nilipokuwa kazini kwenye treni ya TAZARA nilipata likizo mwezi huohuo wa kumi. Nikashuka Kapiri Mposhi, mwisho wa ile reli yetu ya kilometa 1,860, nikapanda basi la Lusaka, kesho yake la Livingstone, moyo ukinidunda njia nzima. Nikalipa kiingilio cha maporomoko upande wa Zambia, nikafuata kijia hadi ukingoni. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mwamba mweusi, mkavu. Mchirizi mmoja mwembamba ulikuwa unashuka na kutawanyika na upepo kabla haujafika chini. Mahali ambapo kalenda ya ofisini ilionyesha maji meupe, mjusi alikuwa anaota jua. Maji yalikuwepo, lakini upande wa Zimbabwe, na mimi sikuwa nimebakiza fedha za kuvuka. Nilikaa pale juu ya jiwe hadi jioni, nikaondoka.

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Zambezi huchukua maji yake mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na ndani ya Angola. Mvua za huko hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, kisha maji hutambaa polepole katika mbuga tambarare za Walozi, yakienea kama yamepumzika, ndipo yafike kwenye maporomoko. Kwa hiyo mto hujaa sana Machi hadi Mei, wakati mawingu ya mvua yameshaanza kuondoka. Oktoba na Novemba ndipo hupungua kabisa, na upande wa Zambia, ambao mdomo wake wa mwamba umeinuka zaidi, ndio hukauka kwanza.

Nilirudi miaka mitatu baadaye, Aprili. Safari hii niliyaona maporomoko kabla sijashuka kwenye gari: wingu jeupe limesimama peke yake kwenye anga safi. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Litamke polepole uone kama Mswahili anahitaji mkalimani kwa lile neno la kwanza. Nilipofika kwenye kile kidaraja chembamba cha waenda kwa miguu, maji hayakuwa yanaanguka tu, yalikuwa yanapanda. Yanagonga chini, yanarudi juu, yanakunyeshea kutoka miguuni hadi kwenye kope. Upinde wa mvua ulikuwa mzima, duara, ukianzia karibu na kiatu changu. Nililia, na kwa maji yale hakuna aliyejua.

Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kurudi mpakani, mihuri yote ilikuwa imeyeyuka ikawa madoa ya zambarau, nikakaa kwenye benchi hadi asubuhi nikijieleza. Yako ifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Hata hivyo Aprili sikushauri. Maji yakijaa mno, moshi unafunika kila kitu, unasikia mngurumo bila kuona unatoka wapi. Nenda Juni ikiendelea au Julai mwanzoni. Maji bado ni mengi, moshi umepungua, na macho yanaweza kupita juu ya lile pazia lenye upana wa mita 1,708, likishuka zaidi ya mita 100. Kisha panga usiku wako uangukie mwezi mpevu. Hifadhi hufunguliwa usiku siku hizo, na mwezi unachora upinde juu ya maji. Utauona mweupe, karibu hauna rangi, ukae nao kidogo.

Kaa siku nne, zisipungue. Moja upande wa Zambia. Moja uvuke kwa miguu lile daraja la chuma la mwaka 1905 uende upande wa Zimbabwe, ambako sehemu kubwa ya maporomoko unaitazama uso kwa uso. Ukiwa katikati ya daraja simama, tazama chini. Korongo linalojipinda kulia na kushoto ni maporomoko ya zamani: mto umekuwa ukikata nyufa za mwamba, kila zama ukirudi nyuma na kujitafutia mahali papya pa kuanguka. Yale unayoyaona leo ni kituo tu.

Utakuta sanamu ya mzungu aitwaye Livingstone na utaambiwa ndiye aliyeyagundua maporomoko mwaka 1855. Uliyeona mnara wa Bagamoyo, ambako wasaidizi wake Susi na Chuma waliufikisha mwili wake baada ya kuubeba kutoka Chitambo, unajua mzungu yule hakutembea peke yake. Waliompeleka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha ukingoni walikuwa na jina la mahali pale siku nyingi kabla yake. Hilo jina ndilo ninalotaka urudi nalo.

Siku zitakazobaki panda gari hadi Kazungula, uvuke daraja lililofunguliwa mwaka 2021 uingie Botswana. Kasane ni mji mdogo ambao ngiri wanatembea barabarani kama mbuzi wa kwetu. Lipia nafasi kwenye boti ya alasiri katika mto Chobe. Kiangazi kikikaza tembo hushuka mtoni makundi kwa makundi, na utawaona wakiogelea, mkonga juu, ndama katikati. Asubuhi na usiku kuna baridi kali, kama ya Makambako, beba sweta. Okavango na Cape Town zitakusubiri, hazihami.

Treni yetu ya abiria imekuwa ikisimama na kurejea, hivyo uliza stesheni kabla hujafunga begi. Isipokuwepo, mabasi ya Lusaka yanapita Tunduma. Ukivuka mpaka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Wengi wameachwa na usafiri kwa kusahau hilo. Zambia na Zimbabwe hazitudai viza sisi, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Weka na dola za noti ndogondogo kwa ajili ya Zimbabwe. Nyani wa maporomoko hawaogopi mtu, usishike chakula mkononi. Na usikae kando ya mto kupiga picha za jioni, mamba haonekani mpaka ameshafika. Hili la mwisho ndilo nililomwahidi mama yako kwamba utalitii.

Kama likizo ya Juni haipatikani mwaka huu, ngoja mwakani. Usikope.

Ukipita Mbeya shuka ulale kwetu usiku mmoja. Koti langu la mvua, lile la kazini, bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na vifungo vyote vipo. Litakufika magotini, ndivyo inavyotakiwa.

Mjomba wako